Kutoka msumari hadi fidia: shajara ya modeli ya uharibifu wa vimbunga Florida

Januari: tunachojenga

Mradi huu unajenga modeli ndogo ya kukadiria hasara ambazo bima italipa upepo wa kimbunga ukipiga nyumba za familia moja katika jimbo la Florida, Marekani. Modeli za kibiashara zipo, na ya umma inayoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Florida ipo pia. Hatushindani nazo. Tunataka modeli ambayo mtu ataifungua na kufuata hesabu tangu upepo unapogusa paa hadi kampuni ya bima inapoandika hundi, bila chumba hata kimoja kilichofungwa.

Tumechagua Florida kwa sababu ya data, na pia kwa sababu fani hii ilipata heshima yake huko, tena kwa gharama kubwa. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliingia kusini mwa kaunti ya Dade na kuubomoa mji wa Homestead na vitongoji vyake. Kabla ya hapo kampuni nyingi zilikuwa zikichukua hasara za miaka ishirini au thelathini iliyopita, zinatafuta wastani, basi. Bahati mbaya miaka hiyo ilikuwa mitulivu. Karen Clark, aliyeanzisha kampuni ya modeli ya AIR mwaka 1987, alitoa makadirio saa chache tu baada ya Andrew kufika nchi kavu: hasara huenda ikapita dola bilioni 13. Sokoni wengi waliona anatia chumvi. Bima ililipa takriban bilioni 15.5, na kampuni 11 zikafilisika. Mwaka 1995 jimbo likaunda Tume ya kukagua mbinu za kukadiria hasara za vimbunga. Kampuni inayotaka kutumia modeli kupanga viwango vya bima ya makazi hutumia ile iliyopita mbele ya Tume hiyo.

Nyaraka ambazo watengeneza modeli huwasilisha kwa Tume zinapatikana hadharani. Ni kurasa nyingi na zinachosha, lakini kwa anayeanza ni hazina.

Februari: upepo

Data ya vimbunga inatoka HURDAT2, kumbukumbu ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani inayoanzia mwaka 1851. Kila kimbunga kina mstari kwa kila saa sita: lilipo jicho (kitovu cha kimbunga), kasi ya juu kabisa ya upepo kwa wastani wa dakika moja, na mgandamizo wa hewa katikati pale ulipojulikana. Tumeanza kuhesabu mwaka 1900. Katika karne ya 19 sehemu ndefu za pwani ya Florida hazikuwa na watu, na kimbunga kisichoonwa na mtu hakiingii daftarini.

Shida ni kwamba kasi iliyoandikwa ni moja kwa kimbunga kizima. Nyumba haipigwi na namba hiyo, inapigwa na upepo uliopo pale ilipojengwa. Tumetumia mlinganyo wa Holland wa mwaka 1980, unaoonyesha jinsi mgandamizo wa hewa unavyopanda kadiri unavyoliacha jicho. Vipimo viwili ndivyo vyenye uzito: umbali kutoka katikati hadi pale upepo unapokuwa mkali zaidi, na namba inayoitwa B, inayosema ukali huo umekusanyika mahali pamoja au umetawanyika. Charley ya Agosti 2004 ilifika pwani ya kusini magharibi na upepo wa maili 150 kwa saa, lakini ilikuwa nyembamba sana. Frances, iliyofuata Septemba, ilikuwa na maili 105 tu, ila ilikuwa pana na ilijikokota. Ukiangalia kasi peke yake utadhani Charley ndiyo iliyogusa nyumba nyingi zaidi.

Kimbunga kikishaingia nchi kavu, tunapunguza nguvu yake kwa fomula ya Kaplan na DeMaria ya mwaka 1995. Kinachoingia na maili 160 kwa saa kinashuka hadi kama 116 baada ya saa tatu, na 95 baada ya saa sita. Tuliijaribu kwa Michael, iliyopiga Mexico Beach tarehe 10 Oktoba 2018 kwa kasi hiyo ya 160. Fomula inaishusha haraka kidogo kuliko ilivyokuwa, maana Michael ilivuka mpaka wa Georgia ikiwa bado daraja la tatu kati ya matano (upepo wa maili 111 kwa saa au zaidi). Kwa kimbunga kinachokwenda mbio hiyo ni tofauti ya kaunti nzima. Tumeongeza mtawanyiko (thamani nyingi zinazowezekana, kila moja na uwezekano wake) kwenye kiwango cha kupungua badala ya kukikaza kwenye thamani moja.

Mwisho, wastani wa dakika moja unageuzwa kuwa mpigo wa sekunde tatu, yaani dharuba fupi, kwa sababu paa hung'olewa na mpigo. Mahali pa wazi unazidisha kwa 1.2 hivi. Penye miti na nyumba zilizosongamana hesabu nyingine inaingia, nayo tumeiazima kama ilivyo kwenye vitabu vya uhandisi.

Machi: paa, na msumari wa katikati

Sehemu hii ndiyo imenipendeza kuliko zote, na imechukua muda kuliko tulivyopanga.

Paa la kawaida la Florida lina kenchi za mbao zilizopangwa kila futi mbili. Juu yake kuna mbao za plaiwudi, kila moja futi 4 kwa 8, halafu karatasi ya kuzuia maji, halafu vigae. Vigae vikitoka una uvujaji. Plaiwudi ikitoka una shimo la futi mraba 32 juu ya chumba cha kulala.

Basi chukua ubao mmoja. Kwa utaratibu wa zamani unapigiliwa msumari kila inchi 6 kwenye ncha zake mbili, na kila inchi 12 kwenye kenchi tatu za katikati. Ncha mbili zina misumari tisa kila moja, kenchi tatu zina mitano kila moja, jumla 33. Ukiitazama idadi hiyo unaona ubao umeshikwa vizuri. Sasa gawa eneo. Msumari wa kwenye ncha unabeba nusu futi mraba, kwa kuwa ubao jirani unabeba upande wake na misumari imekaribiana. Msumari wa katikati unabeba futi mraba mbili, mara nne ya mwenzake.

Upepo wa maili 150 kwa saa una mgandamizo wa msingi wa pauni 57.6 kwa kila futi mraba (kanuni ni 0.00256 mara kasi kipeo cha pili). Kwenye pembe za paa mfyonzo (upepo kulivuta paa kwenda juu) unaweza kuwa mara mbili ya huo. Maana yake msumari mmoja wa katikati unavutwa juu kwa pauni 230, kama kilo 104, huku yule wa kwenye ncha akivutwa kwa kilo 26. Ubao hauachii kwa pamoja. Msumari mmoja wa katikati unatoka, mzigo wake unawaangukia majirani ambao tayari wamelemewa, na ubao unafunguka kama zipu.

Ndiyo maana tulikataa kulipatia paa zima nguvu moja. Kila ubao kwenye modeli unapewa nguvu yake kwa kubahatisha ndani ya mtawanyiko unaotegemea aina ya msumari. Msumari wa inchi 2 uko kwenye nyumba nyingi za zamani. Ule wa inchi 2 na nusu ni mnene zaidi na unazama zaidi kwenye kenchi, na kwa mpangilio uleule ubao unastahimili mara mbili hivi. Ukipunguza nafasi ya katikati kutoka inchi 12 hadi 6, mzigo wa kila msumari wa katikati unakatwa nusu. Gharama ya mabadiliko hayo wakati wa ujenzi ni misumari michache na dakika chache za fundi.

Halafu kuna fundi mwenyewe. Wachunguzi waliopita Dade baada ya Andrew walikuta mbao ambazo misumari au pini zake zilikuwa zimeikosa kenchi kabisa, zimetoboa plaiwudi na kuning'inia hewani. Kwa hiyo mtawanyiko wetu una mkia upande wa chini: asilimia ndogo ya mbao zinapewa nguvu hafifu mno. Mkia huo tumeuweka kwa kukisia, lakini kuuacha kabisa kungekuwa kukisia kwamba mafundi wote hawakosei.

Simulesheni inaenda hivi: chukua nyumba, chagua upande upepo unakotoka kati ya pande nane, panda kasi maili tano tano, hesabu mbao zilizotoka, rudia mara elfu kadhaa ukibadilisha nguvu za mbao kila mara.

Aprili

Orodha ya aina za nyumba imekamilika. Tumefuata fomu ya ukaguzi ambayo Florida inaitumia kutoa punguzo la bima kwa nyumba zilizoimarishwa: vigae ni vya kanuni ipi, plaiwudi imepigiliwaje, paa limefungwaje kwenye ukuta (msumari wa mshazari, kibano, au mkanda wa chuma), umbo la paa, kinga ya pili dhidi ya maji, na kama madirisha na milango vina vifuniko vinavyohimili vitu vinavyoruka. Paa lenye miteremko pande zote nne linafanya vizuri kuliko lenye kuta za pembetatu, na fomu ni kali: sehemu zisizo za miteremko minne zikizidi asilimia 10 ya mzingo, punguzo hupati.

Mwaka wa ujenzi unaamua mengi. Kanuni ya Ujenzi ya Florida ilianza kutumika jimbo zima Machi 2002, na kaunti za Miami-Dade (Dade ya zamani) na Broward zina masharti makali zaidi.

Mei: nyumba inapofunguka

Hadi hapa nyumba ilikuwa imefungwa. Mwezi huu tumeruhusu madirisha na milango ivunjike, na matokeo yamebadilika sura.

Nyumba iliyofungika inasumbuliwa na mfyonzo wa nje peke yake, kwani mgandamizo wa ndani ni mdogo. Katika viwango vya uhandisi vya Marekani kizidishi chake ni 0.18. Dirisha la upande wa upepo likivunjika, kizidishi kinaruka hadi 0.55. Hewa iliyoingia inasukuma dari juu kutokea ndani, wakati nje upepo unalivuta paa kwenda hukohuko juu. Mlango wa gereji ni mbaya zaidi, maana ni mpana, mwepesi, na mara nyingi unatazama barabara iliyo wazi.

Tulipochora uharibifu wa nyumba zinazofanana kabisa chini ya upepo wa kasi moja, tulitarajia kilima kimoja chenye wastani katikati. Vimetokea vilima viwili. Kimoja ni cha nyumba zilizopoteza vigae kadhaa. Kingine, mbali upande wa kulia, ni cha nyumba zilizofunguka. Katikati yao karibu hapana kitu, na wastani unaangukia hapohapo: unaeleza nyumba ambayo karibu haipo mtaani.

Mvua inakuza pengo hilo. Tumeweka sehemu inayokadiria maji yanayoingia kupitia mashimo, nayo inaonyesha kwamba bei ya mbao zilizong'oka ni ndogo ikilinganishwa na dari ya jipsamu iliyolowa, sakafu iliyovimba, makabati ya jiko na nyaya za umeme. Shimo la ubao mmoja linatosha kuharibu ndani ya nyumba nzima kama mvua inaendelea kwa saa kadhaa. Frances, iliyojikokota, ilikuwa na saa za kutosha.

Juni: bei

Kugeuza uharibifu kuwa dola ni kazi ya orodha za bei, na sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa mambo mawili.

La kwanza ni sheria ya asilimia 25. Kwa kanuni ya Florida, zaidi ya robo ya paa ikiharibika ndani ya miezi 12, paa lote lilitakiwa kuletwa kwenye kanuni ya sasa. Kwenye modeli hiyo ni ngazi. Asilimia 24 ni kazi ya kubandika vigae, asilimia 26 ni paa jipya. Mwaka 2022 bunge la jimbo lililegeza sharti hilo kwa mapaa yaliyojengwa kwa kufuata kanuni ya mwaka 2007 au za baadaye. Kwa hiyo ngazi ipo kwa nyumba fulani na haipo kwa nyingine, na mwaka wa paa (ambao si lazima uwe mwaka wa nyumba) umekuwa safu ya lazima kwenye data yetu.

La pili ni kupanda kwa bei baada ya janga. Mafundi wanakuwa wachache, vigae vinaadimika, kila mtu anataka turubai siku hiyohiyo. Upandaji huo tumeufanya kizidishi kinachokua kadiri hasara ya jimbo zima inavyokua. Ni sehemu dhaifu ya modeli na nimeiandika hivyo kwenye maelezo.

Julai: mkataba

Hapa ndipo vile vilima viwili vinapodai haki yao.

Bima ya nyumba Florida ina mafungu: jengo, majengo ya pembeni, vitu vya ndani, na gharama za kuishi kwingine wakati nyumba inatengenezwa. Halafu kuna mchango wa mwenye bima, yaani sehemu ya kwanza ya hasara anayoibeba mwenyewe. Kwa vimbunga mchango huu kwa kawaida ni asilimia ya thamani ya bima ya jengo: 2, 5 au 10. Nyumba yenye bima ya dola 300,000 na mchango wa asilimia 2, mwenyewe anabeba 6,000 za mwanzo.

Chukua nyumba kumi za namna hiyo. Modeli inasema wastani wa hasara ni dola 5,000 kwa nyumba. Ukitoa mchango kwenye wastani, kampuni hailipi hata senti. Sasa sema ukweli wa mtaa huo ni kwamba nyumba tisa hazikuguswa na moja ilifunguka kwa hasara ya 50,000. Wastani ni uleule 5,000, lakini kampuni inalipa 44,000.

Mwenzangu anayeshughulikia upande wa fedha alikuwa na hoja ya haki: kubeba mtawanyiko mzima wa kila nyumba kupitia miaka 50,000 ya kubuni (misimu ya vimbunga inayotungwa na kompyuta) ni mzigo kwa kompyuta, na modeli nyingi za haraka hutumia mchoro wa wastani pamoja na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi hasara zinavyoachana na wastani), kisha zinaukisia mtawanyiko kwa umbo moja laini. Tulizijaribu njia zote mbili kwa data ileile. Kwenye kasi kubwa, ambako karibu kila nyumba imefunguka, tofauti ni ndogo. Kwenye kasi za kati njia laini inapunguza malipo ya kampuni waziwazi, na inayapunguza zaidi mchango ukiwa asilimia 5 au 10. Kasi za kati ndizo zinazozikuta nyumba nyingi katika kila kimbunga, kwa sababu eneo la upepo wa wastani ni pana kuliko la upepo mkali. Tumeamua kubeba mtawanyiko mzima. Kompyuta itasubiri.

Agosti: Frances na Jeanne

Frances iliingia kisiwa cha Hutchinson tarehe 5 Septemba 2004. Jeanne ikaingia karibu palepale tarehe 26 mwezi huohuo, ikiwa na maili 120 kwa saa. Mapaa yaliyolegezwa na ya kwanza yalikuwa bado chini ya maturubai ilipofika ya pili. Florida nzima ilipata vimbunga vinne, pamoja na Charley na Ivan, katika muda wa wiki sita na siku mbili.

Wapo wenye nyumba waliotozwa mchango mara mbili au zaidi msimu huo. Baadaye sheria ilibadilishwa: mchango wa kimbunga ukawa wa mwaka. Ukishaumaliza kwenye kimbunga cha kwanza, kinachofuata unabeba ule mdogo wa majanga ya kawaida. Kwa modeli hii ina maana kwamba huwezi kuhesabu kila kimbunga peke yake na kujumlisha. Lazima nyumba ikumbuke mchango uliokwisha kutumika na mbao zilizokwisha kutoka. Tumepanga upya programu nzima ili kipimo cha msingi kiwe mwaka, na kila nyumba inaingia kwenye kimbunga cha pili na hali iliyoachiwa na cha kwanza, isipokuwa kama muda wa matengenezo umepita. Muda huo nao unarefuka bei zikipanda, kwa hiyo sehemu ya Juni na ya Agosti sasa zinategemeana.

Tumefanya pia ukaguzi wa mantiki ambao Tume huusisitiza: nyumba imara isipate hasara kubwa kuliko dhaifu mahali pamoja, mchango ukipanda malipo yashuke, upepo ukizidi hasara isipungue. Yote yamepita, isipokuwa kasoro ndogo pale paa linapokaribia asilimia 25, ambako nyumba yenye paa jipya mara nyingine inapata hasara ndogo kwa kiasi cha kushangaza. Tulipofuatilia, ni lile sharti lililolegezwa mwaka 2022 likifanya kazi yake. Tumeiacha. Mpangilio wa matokeo pia unakubaliana na kilichoonekana baada ya Charley: nyumba zilizojengwa chini ya kanuni mpya zilileta madai machache na madogo zaidi.

Septemba: maji ya bahari

Ian iliingia Cayo Costa tarehe 28 Septemba 2022 na maili 150 kwa saa, lakini Fort Myers Beach ilifutwa na bahari iliyopanda. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Mafuriko kwa kiasi kikubwa yako chini ya mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968, wenye ukomo wa dola 250,000 kwa jengo la makazi na 100,000 kwa vitu vya ndani. Pale iliposalia sakafu ya zege peke yake, swali la kama paa liliondoka kabla maji hayajafika linagawa hundi kati ya wawili, kampuni ya bima na mpango wa mafuriko, wenye kila sababu ya kutokubaliana. Baada ya Katrina, mwaka 2005, mabishano ya namna hiyo yalijaa mahakamani huko Mississippi na Louisiana.

Modeli yetu ni ya upepo, lakini haiwezi kujifanya haioni. Kwa sasa nyumba zilizo ndani ya eneo la maji tunaziwekea alama na kuziripoti pembeni. Toleo linalofuata litakuwa na saa: kila dakika kumi litarekodi kasi ya upepo na kimo cha maji katika kila nyumba, na mbao zitatoka kwa mpangilio wa wakati badala ya kuhesabiwa kwa mpigo mkubwa wa mwisho peke yake. Data ya kimo cha sakafu tumeipata kwa kaunti ya Lee, ambako Fort Myers Beach ipo, na ina mapengo mengi kwa nyumba zilizojengwa zamani. Kujaza mapengo hayo ndiyo kazi ya Oktoba.